Ganda la Alumini: Kutengeneza Upya Magurudumu ya Gari la Zamani

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa asome kila sehemu polepole, kisha wanafunzi waisome wenyewe.)

Somo letu la leo ni la ufundi. Tutazungumza juu ya magurudumu ya gari yaliyotengenezwa kwa alumini, yale yaliyovikwa ganda gumu ambalo mafundi huliita anodaizi. Tutajifunza namna ya kuyatazama yakichakaa, namna ya kuyasafisha, na namna ya kuyarudishia uzuri wake nyumbani kwa mkono wako mwenyewe.

Labda mmoja wenu atasema, "Mwalimu, mimi sina gari. Somo hili lanihusu nini?" Ndugu yangu, subiri kidogo. Alumini ndiyo madini ya sufuria iliyo jikoni kwako. Ganda hilihili la anodaizi liko juu ya fremu nyingi za madirisha na vitasa vya milango. Tena kati yenu wako mafundi, na fundi hajui ataletewa kazi gani kesho. Gurudumu la gari la zamani lina thamani kubwa, nalo huweza kuharibika kwa robo saa tu likipakwa dawa isiyofaa. Zaidi ya hayo, gurudumu hubeba roho za watu. Basi tusikilize vizuri.

MANENO MAPYA

Mwalimu aandike maneno haya ubaoni kabla ya kuendelea.

Ganda: ngozi ngumu ya nje, kama ganda la yai.
Kufua: kuunda madini kwa kuyapiga au kuyagandamiza, kama afanyavyo mhunzi.
Kusubu: kuunda madini kwa kuyayeyusha na kuyamimina katika umbo.
Msasa: karatasi yenye chembe kali ya kusugulia.
Kostiki soda: dawa kali sana, nyeupe, inayounguza ngozi. Ni ya ukoo mmoja na magadi, lakini ina nguvu kupita magadi mara nyingi.
Mikroni: kipimo kidogo sana. Mikroni 1,000 ni sawa na milimita 1.

1. ALUMINI NA NGUO YAKE

Chuma kikipata maji na hewa hushika kutu. Kutu ya chuma ni nyekundu, tena hubambuka. Ikibambuka, chuma kilicho chini hubaki uchi na kushika kutu tena, mpaka chote kiishe.

Alumini haifanyi hivyo. Ukiikwaruza, mara moja hewa ya oksijeni huungana na alumini na kufanya ganda jembamba sana lisiloonekana kwa macho. Ganda hilo halibambuki. Hushikamana na madini na kuyafunika. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba alumini hujishonea nguo yake yenyewe.

Lakini nguo hiyo ni nyembamba, nayo ina adui. Wapishi wanamjua adui huyo. Ukipika maharage kwa magadi ndani ya sufuria ya alumini, sufuria huwa nyeusi ndani. Ukichemsha ndimu au ukwaju ndani yake, weusi hupungua na sufuria hung'aa tena. Kwa nini? Kwa sababu magadi hulishambulia ganda la alumini, na ukali wa ndimu huuondoa ule weusi. Likumbukeni jambo hili la jikoni. Tutalihitaji mbele.

2. JINSI GANDA LINAVYONENEPESHWA

Mwaka 1923, wataalamu wawili wa Uingereza, Bengough na Stuart, walionyesha njia ya kulinenepesha ganda la alumini kwa nguvu ya umeme. Shida iliyowasukuma ilikuwa ya ndege zitumiazo bahari, maana maji ya chumvi yalikuwa yakila vyombo vyake. Mwaka 1927 ikapatikana njia nyingine, itumiayo asidi ya salfuriki, yaani asidi ya namna ileile iliyo ndani ya betri ya gari. Njia hiyo ya pili ndiyo itumikayo zaidi hata leo.

Kazi yenyewe ni hii. Kipande cha alumini hutumbukizwa katika maji yaliyotiwa asidi hiyo. Kipande hufungwa waya wa umeme wa upande wa chanya, ule wenye alama ya kujumlisha. Upande huo huitwa anodi, na hapo ndipo lilipotoka jina anodaizi. Umeme ukipita, oksijeni huungana na alumini, na ganda hukua. Mwisho, kipande hutiwa katika maji ya moto sana ili vitundu vidogo vya ganda vizibe.

Ganda hilo mara nyingi huwa na unene wa mikroni 5 hadi 25. Unywele wa mtu una kama mikroni 70. Basi ganda ni jembamba kuliko unywele, lakini ni gumu mno. Limefanywa kwa alumini na oksijeni, vitu vilevile vinavyofanya jiwe la yakuti, na vinavyofanya chembe za misasa mingi iuzwayo madukani.

Shikeni neno hili, maana ndiyo roho ya somo letu: ganda la anodaizi si rangi. Rangi hupakwa juu ya kitu. Ganda hili limeota kutokana na madini yenyewe, kama ukucha unavyoota kidoleni. Rangi ikibanduka waweza kuipaka tena mahali palepale. Ganda likitoka, huwezi kulipaka kwa brashi.

3. GURUDUMU LENYE MAJANI MATANO

Tuchukue mfano mmoja wa kweli. Huko Ujerumani, katika mji wa Meinerzhagen, kuna kiwanda cha Otto Fuchs kinachofua alumini. Mwaka 1966 kampuni ya Porsche ilianza kutumia magurudumu ya kiwanda hicho kwa gari lake la 911 S, lile la modeli ya 1967. Umbo lake lilichorwa na Heinrich Klie, mtumishi wa Porsche. Gurudumu hilo lina majani matano mapana yaliyopangwa kama ya ua, na nati tano za kulifungia.

Magurudumu mengi ya alumini husubiwa. Hili lilifuliwa. Madini yaliyofuliwa huwa imara hata yakiwa membamba, ndiyo maana gurudumu hili lilikuwa jepesi kuliko la chuma. Gurudumu jepesi hufuata njia vizuri likipita penye mashimo. Baada ya kufuliwa na kuchongwa, lilitiwa ganda la anodaizi. Mengi yalipakwa pia rangi nyeusi katikati ya majani, na majani yenyewe yakaachwa na mng'ao wa fedha.

Magari ya 911 yanajulikana hata kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden alikuwa wa pili katika mashindano ya Safari akiendesha Porsche 911. Tangu mwaka 2003 yamekuwako pia mashindano ya magari ya zamani, yaani East African Safari Classic Rally, na mwaka 2011 Waldegård huyohuyo alishinda katika 911.

Sasa fikiri juu ya gurudumu la miaka hiyo ya 1960 au 1970. Limegongwa na mawe. Limekula vumbi la breki. Limeoshwa kwa dawa za kila namna. Ganda limefifia, lina madoa meupe kama chokaa na mikwaruzo ukingoni. Mwenye gari anataka ling'ae. Je, tuanze na nini?

4. TUANZE KWA KUJUA

Tusianze na msasa wala na dawa. Tuanze kwa kujua. Mganga mzuri humtazama mgonjwa kabla ya kumpa dawa.

Kwanza, osha gurudumu kwa maji na sabuni ya kawaida, kwa kitambaa laini. Vumbi la breki ni jeusi nalo hushika sana. Lioshe mara mbili au tatu. Usitumie brashi ya waya wala nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Huacha vipande vidogo vya chuma ndani ya alumini, na vipande hivyo hushika kutu. Mara nyingine, ukimaliza kuosha tu, utaona kwamba gurudumu lilikuwa chafu, wala halikuwa bovu.

Pili, tafuta ufa. Tazama kuzunguka matundu ya nati, mashina ya majani, na ukingo wa ndani. Kama kuna ufa, au ukingo umepinda, kazi ya kung'arisha haina maana. Usiruhusu mtu alichome kwa moto wa gesi wala alinyoshe kwa nyundo. Nguvu ya alumini iliyofuliwa hutokana pia na kiasi cha moto iliyopewa kiwandani. Ukiichoma nyumbani, nguvu hiyo hupotea, na gurudumu litavunjika njiani. Gurudumu lenye ufa liondolewe kazini.

Tatu, jua limevaa nguo gani. Kuna njia rahisi. Chukua betri ya tochi, globu ya tochi na waya. Unganisha ili ncha mbili za waya zikigusana, globu iwake. Sasa ziguse ncha hizo polepole juu ya gurudumu safi na kavu, pasipo kukwaruza. Kama globu inawaka, umegusa madini matupu, kwa kuwa alumini hupitisha umeme. Kama haiwaki, pana kitu juu yake. Ganda la anodaizi halipitishi umeme. Vanishi nayo haipitishi.

Basi utajuaje kama ni ganda au vanishi? Chagua mahali padogo pasipoonekana sana, upake dawa ya kutolea rangi. Vanishi itajikunja na kubanduka. Ganda la anodaizi halitajali.

Mwalimu wa darasa, hapa simama kidogo. Waonyeshe wanafunzi betri na globu, wajaribu juu ya sufuria na juu ya kijiti. Kisha tuendelee.

5. NJIA TATU MBELE YAKO

Sasa umekwisha jua. Mbele yako pana njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuliacha ganda mahali pake. Kama ni zima, na kasoro yake ni mikwaruzo michache tu, lioshe, likaushe, lipake nta, liache. Usilisugue kwa dawa ya kung'arisha shaba. Dawa hiyo ina chembe zinazolichakaza. Watu wengi wapendao magari ya zamani huthamini ganda la kiwanda, hata likiwa na alama za uzee, kuliko mng'ao mpya.

Njia ya pili ni kulitoa ganda lote, kuyasugua madini mpaka yawe mazuri, kisha kuyakinga kwa nta au vanishi. Kazi hii yafanyika nyumbani.

Njia ya tatu ni kulitoa ganda, kuyasugua madini, kisha kulipeleka gurudumu kiwandani likavikwe ganda jipya. Njia hii ina gharama, lakini ndiyo irudishayo kinga kama ile ya kwanza.

Hakuna njia ya nne. Huwezi kutia kiraka. Ganda likiharibika upande mmoja tu, ukasugua hapo, patakuwa na doa lisilofanana na pengine. Kwa hiyo, kabla ya kuanza njia ya pili, mwambie mwenye gari wazi: "Nikilitoa ganda hili, halirudi hapa nyumbani. Tangu siku hiyo, utalazimika kulitunza gurudumu kwa mkono." Akikubali, endelea. Asipokubali, rudi njia ya kwanza.

6. KULITOA GANDA

Peleka gurudumu kwa mtu mwenye mashine ya kutolea mpira. Toa mpira, vali, na vipande vya risasi vya balansi.

Ganda laweza kutolewa kwa msasa peke yake. Ni kazi ndefu, maana ganda ni gumu karibu kama msasa wenyewe. Lakini haina dawa kali. Kama una watoto wengi nyumbani, au huna mahali pa wazi, chagua msasa.

Njia ya haraka ni kostiki soda. Hapa ndipo lile jambo la jikoni linaporudi. Magadi huifanya sufuria nyeusi. Kostiki soda hulila ganda lote, nayo isipozuiwa huendelea kula madini. Sikilizeni masharti yake.

Fanya kazi nje, kivulini, penye hewa. Vaa miwani ya kukinga macho, glavu ndefu za mpira, viatu vya kufunika miguu na nguo ya mikono mirefu. Weka karibu maji safi mengi, ndoo mbili au mpira wa bomba. Watoto na wanyama wakae mbali. Pasiwe na sigara wala jiko la moto, kwa sababu kostiki ikikutana na alumini hutoa gesi ya haidrojeni, nayo huwaka.

Tumia ndoo ya plastiki. Usitumie sufuria wala ndoo ya alumini, maana italiwa pamoja na gurudumu. Brashi iwe ya nailoni, kwa kuwa nywele za mnyama huyeyuka katika kostiki.

Tia maji kwanza, kisha nyunyiza kostiki ndani ya maji kidogo kidogo ukikoroga. Usimwage maji juu ya kostiki kamwe. Yaweza kuchemka ghafla na kukurukia usoni. Kipimo ni gramu 50 kwa kila lita 1 ya maji. Maji yatapata moto yenyewe. Yaache yapoe.

Funika kwa utepe matundu ya nati na uso wa nyuma unaokaa juu ya ekseli. Sehemu hizo zina vipimo vya kiwanda, zisiliwe. Kisha paka dawa kwa brashi sehemu moja tu kwa mara moja. Ngoja dakika 1. Suuza kwa maji mengi. Tazama. Rudia mpaka ganda litoke. Ukiona mapovu mengi yakianza kutoka, ujue dawa imefika kwenye madini. Suuza upesi. Usiondoke kwenda kunywa chai ukaliacha gurudumu na dawa.

Gurudumu likikauka, chukua ile globu ya tochi. Gusa hapa, gusa pale. Globu ikiwaka kila mahali, ganda limekwisha. Utaona weusi kama masizi juu ya madini. Usiogope; ni mabaki ya vitu vingine vilivyochanganywa katika alumini. Mengi hutoka kwa siki na kitambaa, na yaliyobaki hutoka kwa msasa.

Je, dawa ikikugusa? Mwagia maji yanayotiririka mara moja, kwa dakika 20 au zaidi, huku ukivua nguo iliyolowa. Usitie siki wala ndimu juu ya ngozi. Ikiingia machoni, endelea kumwaga maji na watu wakupeleke hospitali bila kukawia. Kostiki huweza kupofusha macho.

Dawa iliyotumika usiimwage bustanini, mtaroni wala karibu na kisima. Ichanganye na maji mengi sana, uimwage kidogo kidogo katika bomba la maji machafu la nyumba. Kostiki iliyobaki kavu ifungie mahali watoto hawafiki, nayo iandikwe jina lake kwa herufi kubwa. Hiyo ndiyo faida moja ya kujua kuandika.

7. KAZI YA MSASA

Wazee wetu walisugua mbao kwa majani makavu ya mti wa msasa, na karatasi hii imechukua jina la mti huo. Kila karatasi ina namba nyuma. Namba ndogo ni chembe kubwa; namba kubwa ni chembe ndogo. Wengi hukosea hapa, basi isomeni namba kabla ya kununua.

Anza na namba 320. Kama kuna mikwaruzo mirefu ukingoni, anza na 240. Kisha 400, kisha 600, kisha 800. Sugua na maji, msasa uwe umelowa daima. Maji huzuia vumbi lisiruke. Vumbi jembamba la alumini ni baya kwa mapafu, na likikusanyika huweza kushika moto.

Kila namba isuguliwe kwa kukata njia ya ile iliyotangulia. Kama 320 ilikwenda juu na chini, 400 iende kulia na kushoto. Hapo utaona mikwaruzo ya zamani ikitoweka. Usipande namba kabla haijatoweka yote. Kila unapobadili namba, osha gurudumu na ndoo, maana chembe moja kubwa iliyobaki itaharibu kazi ya saa nzima.

Gurudumu la kiwanda halikuwa kioo. Lilikuwa na mng'ao laini kama wa fedha iliyotumika. Ukitaka sura hiyo, ishia 800. Ukitaka ling'ae kama kioo, endelea na 1000, 1500 na 2000, kisha sugua kwa dawa ya kung'arisha alumini na kitambaa cha pamba. Kitambaa kitakuwa cheusi. Huo si uchafu. Ni alumini yenyewe inayotoka. Futa kwa kitambaa kingine safi. Usitarajie kumaliza magurudumu manne kwa siku moja. Haraka haraka haina baraka.

8. RANGI NA KINGA

Kama gurudumu lilikuwa na rangi nyeusi kati ya majani, hapo msasa wa 400 watosha. Rangi haishiki juu ya kioo. Funika majani kwa utepe na karatasi. Futa mafuta kwa spiriti. Pulizia kwanza rangi ya chini iliyotengenezwa kwa ajili ya alumini, kisha rangi nyeusi isiyong'aa sana, mara mbili au tatu, nyembamba. Rangi nene hutiririka.

Sasa madini yako uchi. Yatavaa lile ganda lake jembamba la asili, lakini halitoshi kwa matope, chumvi ya pwani na vumbi la breki. Chagua kinga. Nta ni rahisi: paka, futa, rudia kila mwezi na kila baada ya safari ya matope. Vanishi hukaa zaidi, lakini jiwe likiitoboa, maji huingia chini yake na kutambaa kama mnyoo, na kazi yote itaanza upya. Katika miji ya pwani, nta inayorudiwa hukupa nafasi ya kuona doa likiwa bado dogo.

9. KWA NINI TUSITIE GANDA NYUMBANI?

Huenda mtu akauliza, "Asidi ya betri ninayo, na umeme ninao. Kwa nini nisilivike ganda mwenyewe?" Kuuliza si ujinga. Tufanye hesabu.

Kila eneo la sentimita 10 kwa 10 lataka umeme wa ampea 1.5 hivi. Eneo hilo huitwa desimita 1 ya mraba. Gurudumu la inchi 15, mbele na nyuma, ndani na nje, tulikadirie kuwa na desimita 60 za mraba. Basi:

60 × 1.5 = 90

Gurudumu moja lataka ampea 90 hivi, kwa nusu saa au zaidi. Chaja ndogo ya betri ya nyumbani hutoa ampea chache tu, mara nyingi 10 au chini yake. Tena lahitajika pipa zima la asidi, lisilopata moto, na pipa jingine la maji yanayokaribia kuchemka. Kipande kidogo kama kitasa chaweza kufanywa na fundi aliyejifunza. Gurudumu ni kazi ya kiwanda. Ukilipeleka huko, waambie ni alumini iliyofuliwa, na wala usilipake nta wala rangi kabla.

10. KULIRUDISHA GARINI

Mpira ukivishwa, gurudumu lifanyiwe balansi. Safisha uso linapokaa. Kaza nati kwa mkono kwanza, kisha kwa spana, ukivuka kutoka nati moja hadi ile ya upande wa pili, usifuate mzunguko. Shusha gari chini, kisha kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kwa Porsche 911 kipimo ni nyutoni-mita 130. Ni kama mzigo wa kilo 26 hivi ukining'inia mwisho wa spana yenye urefu wa nusu mita. Ukiwa na spana ya kupimia nguvu, itumie. Baada ya kilomita 80 au 100, simama uzipime nati tena. Gurudumu ling'aalo likitoka njiani, uzuri wake haumsaidii mtu.

TUKUMBUKE

Ganda la anodaizi limeota kutokana na madini, si rangi.
Osha, tafuta ufa, pima kwa globu, ndipo uamue.
Kostiki huingia katika maji. Maji hayamwagwi juu ya kostiki.
Ukilivua gurudumu ganda lake, umejitwika kazi ya kulilinda.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini kutu ya chuma huendelea, na ganda la alumini halibambuki?
2. Eleza kwa maneno yako namna ya kutumia betri na globu.
3. Unataka lita 3 za dawa ya kostiki. Utapima gramu ngapi?
4. Mwenye gari ana gurudumu lenye ganda zima na mikwaruzo miwili. Utamshauri nini? Andika mistari mitano.
5. Nyumbani mwako kuna vitu gani vya alumini? Vitaje, uandike kipi wadhani kina ganda la anodaizi, na kwa nini.

Kabla ya kipindi kijacho, kila mwanafunzi asome sehemu ya 6 mara mbili kwa sauti, na amsomee mtu mmoja wa nyumbani kwake asiyejua kusoma. Onyo la kostiki latakiwa lifike masikioni mwa wote, wenye magari na wasio nayo. Kwaherini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.